Ploti ya kiwanda cha zamani au shamba jipya? Ulinganisho kwa wanaotaka kujenga eneo la biashara Nakuru na Kisumu

Ukizunguka na madalali wa ardhi Nakuru au Kisumu ukitafuta mahali pa kujenga eneo la biashara, yaani godauni za kukodisha, karakana, ofisi chache na paneli za sola juu ya mabati, utaonyeshwa ardhi za namna tatu. Ya kwanza ni ploti ya mjini iliyokuwa depo ya mafuta au gereji ya malori. Ya pili ni uwanja wa zamani wa kutibu nguzo za umeme, au kiwanda kingine kilichoshughulika na metali na dawa kali. Ya tatu ni shamba la nje ya mji, la mahindi upande wa Njoro na Rongai au la miwa upande wa Kibos na Miwani, ambalo dalali ataapa kwamba halijawahi kuguswa na kitu chochote kibaya.

Vyama na sacco nyingi hukimbilia la tatu. Mimi nazipanga hivi: depo ya mafuta kwanza, hasa ikiwa Kisumu, shamba la pili, uwanja wa nguzo mwisho, na ununuliwe tu endapo bei na mkataba vimeubeba mzigo wake. Kinachonifanya nipange hivyo ni aina ya sumu iliyomo na njia ambayo maji yanapita. Ukubwa wa doa wenyewe hauna uzito ambao watu wanaupa.

Sumu inayoliwa na sumu isiyoliwa

Dizeli na oili ni chakula. Bakteria wanaozila wamo ardhini tayari, wanachokosa ni hewa, unyevu, nitrojeni na fosforasi. Wahandisi hulenga uwiano wa kaboni 100, nitrojeni 10 na fosforasi 1, na upungufu hujazwa kwa mbolea ya kawaida ya dukani. Udongo hufukuliwa, hutandazwa juu ya plastiki nzito katika matuta ya kimo cha mita moja na nusu hadi mbili, hunyunyiziwa maji na kugeuzwa kila baada ya wiki chache. Mkulima aliyewahi kutengeneza mboji ataielewa kazi hiyo siku ya kwanza. Dizeli huliwa vizuri. Oili nzito ya injini huchelewa, na masalia yaliyogeuka kuwa kama lami huenda yasiishe kabisa, ingawa hayo nayo hayasafiri mbali.

Aseniki, kromiamu, risasi, shaba na zebaki ni elementi. Hakuna kiumbe wa kuzila zikaisha. Utazifunga, utazifunika au utazihamishia kwa mtu mwingine, na kila moja kati ya hizo ina gharama yake.

Chukua uwanja wa nguzo. Nguzo za mikaratusi hutiwa dawa ya shaba, kromiamu na aseniki ndani ya mtungi wa chuma wenye shinikizo. Kwingine, hasa zamani, ilitumika kreosoti, dawa nyeusi itokanayo na lami ya makaa. Nguzo zikitolewa mtungini hudondosha dawa. Kama zilidondoshea sakafu ya zege yenye mfereji wa kukusanya, nafuu. Kama zilidondoshea udongo mtupu miaka nenda miaka rudi, dawa imeshuka. Ukifika mahali kama hapo tafuta vireli vya kusukumia vigari vya nguzo, vifuate hadi mlango wa mtungi, kisha tazama chini: udongo wenye kijani hafifu kile kile cha nguzo mpya, na majani yaliyokataa kuota. Jua likipanda na ukasikia harufu ya lami, kreosoti ilikuwapo. Usiushike udongo huo kwa mikono mitupu, na viatu viache nje ya nyumba.

Kwenye depo ya mafuta jaribio la kwanza halihitaji hata maabara. Tia udongo kidogo kwenye chupa ya kioo, jaza maji nusu, funga, tikisa, iache itulie. Utando wenye rangi za upinde wa mvua ukielea juu, uguse kwa kijiti. Ukitengana kisha ukaungana tena, ni mafuta. Ukivunjika vipande vipande vikabaki hivyo, huenda ni utando wa bakteria wa chuma, kitu cha kawaida kwenye maji ya kinamasi, na Kisumu hukosi kukutana nao. Jaribio hili linakusaidia kujua mahali pa kuchukulia sampuli tu. Uamuzi ungoje karatasi ya maabara.

Kuna kundi la tatu linalosahaulika, nalo ndilo linaloniogopesha zaidi: viyeyusho vyenye klorini, vile vya kuondolea grisi kwenye vyuma na vya kufulia nguo bila maji. Mafuta huelea juu ya maji ya ardhini, kwa hiyo unayakuta. Viyeyusho hivi ni vizito kuliko maji. Vinazama, vinapita hadi chini ya tabaka la maji na kutulia kwenye mwamba au mfinyanzi, na mvuke wake hurudi juu ukaingia ndani ya nyumba kupitia nyufa za sakafu. Maabara ikivikuta kwa wingi chini ya ploti, chama cha kawaida kisijaribu. Kazi hiyo ni ya serikali au ya kampuni yenye mifuko mirefu.

Nakuru na Kisumu hazifanani chini

Nakuru imekaa juu ya majivu ya volkano. Udongo ni mwepesi, hewa inapita, matuta ya bakteria yanapumua bila taabu. Lakini maji nayo yanapita upesi, na sumu inapita nayo. Tena mji upo ndani ya Bonde la Ufa, na baada ya mvua kubwa nyufa hufunguka ardhini mahali pasipotarajiwa. Ufa ni mfereji wa moja kwa moja kwenda chini, na chini huko ndiko visima virefu vya mji vinakovuta maji.

Kisha kuna ziwa. Ziwa Nakuru halina mto unaotoka. Kila kinacholetwa na Mto Njoro na mifereji ya mji kinaishia humo. Maji yanapaa kwa jua na metali zinabaki. Ni eneo la Ramsar, yaani ardhioevu inayotambuliwa na mkataba wa kimataifa, tangu 1990, na tangu mwaka 2010 hivi limefura sana, likala ardhi ya mbuga. Aseniki inayotoka kwenye ploti ya Nakuru haina bahari ya kuipoteza. Ndiyo sababu uwanja wa nguzo ulioko Nakuru naupa alama ya chini kuliko uwanja ule ule ungekuwa mahali pengine.

Kisumu ni kinyume kwa mambo mengi. Tambarare ya Kano ina ule udongo mweusi wa mfinyanzi unaonata kwenye gumboots msimu wa mvua na kupasuka msimu wa kiangazi. Ukiwa na unyevu unazuia uchafu kushuka, na doa la dizeli mara nyingi hubaki karibu na juu. Hiyo ni habari njema kwa mnunuzi. Habari mbaya ni kwamba mfinyanzi hauna hewa, na bakteria wa dizeli bila hewa wanalala. Tiba iko karibu: makapi ya miwa kutoka viwanda vya sukari vya Muhoroni, Chemelil na Kibos, au maganda ya mpunga wa Ahero. Yakichanganywa na udongo mweusi yanaupa nafasi ya kupumua. Sehemu nyingine duniani hununua vitu vya aina hiyo kwa bei ya kuumiza. Hapa kazi kubwa ni kutafuta lori.

Joto nalo liko upande wa Kisumu. Mji uko mita takriban 1,130 juu ya usawa wa bahari na Nakuru mita 1,850 hivi. Kanuni ya jumla ya kazi hizi ni kwamba joto likishuka nyuzi 10, kasi ya bakteria hupungua karibu nusu. Tofauti ya Nakuru na Kisumu haifiki nyuzi 10, lakini miezi ya Juni na Julai tuta la Nakuru litakuwa linafanya kazi polepole wakati la Kisumu linakwenda mbio.

Kinachopaswa kukutia wasiwasi Kisumu ni maji kuwa juu. Mwaka 2020 Ziwa Victoria lilipanda likafukuza watu ufuoni. Maji ya ardhini yakipanda na kushuka, mafuta yanayoelea juu yake hupanda na kushuka nayo, yakipaka udongo safi. Manyatta na Nyalenda, kwa mfano, watu bado wanachota visima vifupi, na hata sehemu ya maji ya mfereji inatoka ziwani, kupitia mtambo wa Dunga. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei ya ploti uliza jirani aliye upande wa chini kama ana kisima, na kina kirefu kiasi gani. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha aseniki kwenye maji ya kunywa kuwa miligramu 0.01 kwa lita, na risasi vivyo hivyo. Ni kiasi kidogo mno, ulimi hauwezi kukitambua.

Kuchimba, kulisha, kufunga, kufunika

Mtu wa kwanza utakayemwita atakwambia, "Chimba utoe, mambo yaishe." Piga hesabu kwanza. Nusu ekari ni kama mita za mraba 2,000. Ukichimba mita moja kwenda chini unapata mita za ujazo 2,000, ambazo ni tani 3,400 hivi. Kwa lori la tani 20 ni safari 170 za kutoa, na nyingine kama hizo za kuleta udongo wa kujaza. Yote hayo yakipita kwenye barabara ya mtaa, vumbi likiruka.

Na unapeleka wapi? Gioto ya Nakuru ni jaa la wazi, halikujengwa kwa sumu, na Kachok ya Kisumu imesumbua watu miaka mingi hata bila aseniki yako. Kanuni za taka za mwaka 2006 zinataka msafirishaji mwenye leseni ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, na hati inayofuata mzigo kutoka getini hadi unakoishia. Jina lililo kwenye hati hiyo ni lako. Sumu ikitupwa vichakani na dereva, atakayetafutwa ni wewe.

Hata wenye fedha nyingi hawakuchagua lori. London ilipoandaa uwanja wa Olimpiki ya 2012 kwenye ardhi ya viwanda vya zamani, walijenga mitambo ya kuosha udongo pale pale, wakaiita hospitali za udongo, na sehemu kubwa ya udongo ikarudi kutumika. Duisburg, Ujerumani, kiwanda cha chuma kilifungwa 1985 na mahali pakawa bustani ya umma; baadhi ya udongo mchafu zaidi ulifungiwa ndani ya maghala ya zege ya kiwanda chenyewe, na bustani ikapandwa juu.

| Njia | Inafaa wapi | Muda | Kinachobaki |
|---|---|---|---|
| Kuchimba na kuhamisha | Doa dogo lenye sumu kali | Wiki | Shimo, na jina lako kwenye hati za taka |
| Kulisha bakteria | Dizeli, oili | Miezi 3 hadi mwaka, wakati mwingine zaidi | Udongo wa kutumia tena |
| Kufunga kwa saruji au dawa nyingine | Risasi, kromiamu, aseniki, baada ya majaribio | Wiki hadi miezi | Bonge la kulindwa |
| Kufunika | Metali zilizotulia, mbali na maji | Muda wa ujenzi | Sumu ileile, na ukaguzi wa miaka |
| Kupanda mimea | Doa jepesi la pembeni | Miaka | Mimea yenye sumu |

Safu ya mwisho ya jedwali ndiyo ya kusoma mara mbili. Mimea, alizeti na nyasi za vetiva, inapendeza kwenye picha za wafadhili, lakini metali inayopanda kwenye majani haijatoweka; sasa unayo mikononi kama jani la kutupa, na mbuzi wa jirani yuko mlangoni. Itumie pembezoni, au kama kinga ya mmomonyoko.

Kufunga kunahitaji tahadhari ambayo makandarasi wengi wa kawaida hawaijui. Dawa inayotuliza metali moja huitorosha nyingine. Fosfeti hushika risasi vizuri sana, ikaigeuza kuwa chumvi isiyoyeyuka. Lakini fosfeti hiyo hiyo hugombea nafasi na aseniki kwenye chembe za udongo, na aseniki ikishindwa inaingia kwenye maji. Sasa fikiria uwanja wa nguzo ambao pia malori yalikuwa yakimwaga dizeli, jambo la kawaida kabisa. Mtu anakuja na mbolea ya DAP, yenye fosfeti, kuwalisha bakteria, dizeli inaliwa, kila mtu anafurahi, na aseniki iliyokuwa imetulia inaanza safari. Kwa aseniki na kromiamu ile ya hatari, ya daraja la sita, chumvi za chuma ndizo zinazoanza kujaribiwa: zinairudisha kromiamu kwenye daraja la tatu lisilo kali, na kutu yake hushika aseniki. Dai majaribio ya maabara kwa udongo wa ploti yako. Fomula iliyofanya kazi kwa mwingine haitoshi.

Kufunika ndiko ninakokupenda kwa eneo la biashara, kwa sababu eneo la biashara lenyewe ni kifuniko. Sakafu ya godauni, maegesho ya lami, barabara za ndani: ukizipanga vizuri zinakaa juu ya madoa mabaya zaidi, na bustani na mitaro inakaa juu ya sehemu safi. Msanifu apewe ramani ya sampuli kabla ya kuchora mstari wa kwanza. Nimeona michoro iliyoweka shimo la kunyonya maji ya mvua juu kabisa ya mahali tangi la zamani lilipokuwa, kwa vile tu palikuwa pameinama. Maji yote ya paa yangeshuka hapo kuisukuma sumu. Kwenye ardhi iliyofunikwa, maji ya mvua yakusanywe kwenye matangi au yatolewe kwa mtaro uliojengwa, yasizamishwe.

Shamba lile "safi"

Shamba lina mvuto wa kweli. Hakuna matangi ya kufukua, benki haiulizi maswali ya ajabu, na unachora unavyotaka. Lakini hesabu yake huanza baadaye: nguvu za umeme za fezi tatu kutoka barabarani, maji, barabara ya kubeba lori zito msimu wa mvua, na maji taka ambayo hayana bomba la kuingilia. Ongeza ridhaa ya Bodi ya Udhibiti wa Ardhi na kibali cha kaunti cha kubadilisha matumizi. Ongeza pia nauli. Mfanyakazi wa Kondele au Kaptembwo anaweza kutembea hadi ploti ya mjini. Akipelekwa shambani ni matatu na boda boda kila siku, na gharama hiyo itarudi kwako kwa njia moja au nyingine.

Na eneo linalojiita endelevu limeanza kwa kung'oa mahindi au miwa kuweka zege. Ukiwa mkweli na neno hilo, hapo pana deni.

Halafu, usafi wenyewe. Kwenye mashamba makubwa ya zamani ya walowezi upande wa Nakuru, uliza josho la ng'ombe lilikuwa wapi. Majosho ya mwanzo ya karne iliyopita yalitumia aseniki kuua kupe, na baadaye zikaja dawa za klorini zisizooza. Dawa iliyochakaa ilimwagwa kando ya josho. Leo utakuta mfereji mwembamba wa zege uliozama kwenye nyasi, watoto wanaurukia, na hakuna anayekumbuka ulikuwa wa nini. Sampuli chache za udongo kando yake zinagharimu kidogo kuliko sherehe ya kuweka jiwe la msingi.

Kwa hiyo shamba bila uchunguzi linaweza kukushangaza kuliko depo iliyochunguzwa. Tofauti ni kwamba ya depo unajua uitafute.

Hati, deni na anayelipa

Sheria ya mazingira ya 1999 imesimama juu ya kanuni kwamba aliyechafua ndiye anayelipa. Ni kanuni nzuri. Lakini aliyechafua huenda alifunga kampuni zamani, na NEMA ina uwezo wa kutoa amri ya kurejesha mazingira kwa mtu ambaye shughuli zake au ardhi yake inaendelea kudhuru wengine. Ukishakuwa na hatimiliki, wewe ndiye unayepatikana kwa simu.

Ukubwa wa deni la namna hii Wakenya wameuona Owino Uhuru, Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kilieneza risasi hadi kwenye damu ya watoto. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, kesi ikapanda ngazi, na mwaka 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha fidia hiyo. Kiwanda kilishafungwa zamani. Sumu ilibaki, na kesi pia.

Kwa mnunuzi wa Nakuru au Kisumu mambo matatu yaingie kwenye mkataba. Muuzaji aeleze kwa maandishi ploti ilitumika kwa nini, mwaka hadi mwaka, na akubali kubeba madai ya nyuma. Sehemu ya bei ibaki kwa wakili hadi matokeo ya sampuli yatoke. Na ripoti ya hali ya udongo siku ya kununua iambatishwe, ili kesho mtu akikudai uwe na picha ya ulichokikuta. Wakili akikwambia hayo hayana haja, tafuta mwingine.

Angalia pia umri wa hati. Ploti nyingi za viwanda mjini ni za kukodi kwa miaka 99 au pungufu, na zilizotolewa miaka ya 1950 na 1960 zimekwisha kula zaidi ya nusu. Kusafisha udongo kwa fedha zako, kisha kubakiwa na miaka thelathini ya hati, ni kumsafishia mwenye ardhi. Omba nyongeza ya muda kwanza, ukitumia mpango wa kusafisha kama hoja. Karibu na stesheni na bandari ya Kisumu hakikisha ploti si ya reli. Hilo limewakuta wengi wenye karatasi zinazong'aa.

Historia ya ploti utaipata kwa wazee waliofanya kazi pale, si kwenye faili. Mtafute aliyekuwa mlinzi au mpakiaji, mwamkie vizuri, ununue chai. "Mzee, oili chafu mlikuwa mnamwaga wapi?" Atanyoosha kidole. Kidole hicho kitakuokolea nusu ya gharama za kutoboa visima vya uchunguzi, kwa sababu sampuli zitaanzia mahali sahihi. Uliza pia transfoma za zamani zilikaa wapi, maana mafuta ya baadhi yake yalikuwa na kemikali za PCB ambazo Mkataba wa Stockholm umezipiga marufuku, na kama mapaa ni ya asbesto. Asbesto ikivunjwa kwa nyundo na vijana wa kibarua, umetengeneza tatizo jipya kabla ya kugusa la zamani.

Kinachojengwa juu kinabadilisha hesabu

Ardhi ileile inaweza kuwa hatari kwa mpangaji mmoja na sawa kwa mwingine. Godauni ya saruji na mabati, karakana ya kuchomelea, maegesho yenye paneli za sola juu, hayo yanakaa vizuri juu ya kifuniko. Kiwanda cha maziwa au cha kusaga unga kitataka uthibitisho ambao ploti ya metali haitautoa. Shule ya chekechea, bustani ya sukuma wiki, na kisima cha kuchimba ndani ya ploti, hivyo visiingie kabisa, na marufuku hiyo iandikwe kwenye kila mkataba wa upangaji. Kikomo cha risasi kwenye udongo kinaonyesha tofauti hiyo: Marekani kwa miaka mingi ilitumia miligramu 400 kwa kilo mahali watoto wanapocheza, ikashusha hadi 200 mwaka 2024, ilhali kwa maeneo ya kazi ilikubali kiasi kikubwa zaidi.

Uendelevu wa kweli wa eneo kama hili uko kwenye kugawana. Kalundborg, Denmark, viwanda vilianza zamani kuuziana mvuke, maji na masalia, na uchafu wa mmoja ukawa mali ghafi ya mwenzake. Nakuru ina joto la ardhini Menengai, ambako tayari limejaribiwa kwa vibanda vya kilimo, maziwa na mabwawa ya samaki; mpangaji anayehitaji maji moto ana sababu ya kuja huko. Kisumu ina makapi ya miwa na molasi. Mtambo mmoja wa pamoja wa kusafisha maji taka unawafaa wapangaji kumi kuliko kila mmoja na shimo lake, na kwenye ploti iliyowahi kuchafuka, mashimo kumi ya kuzamisha maji ni jambo la kukataa bila mjadala.

Basi, ipi?

Depo ya mafuta Kisumu, yenye dizeli na oili bila viyeyusho, jirani wa chini hana kisima, hati imebaki miaka 50 na zaidi: nunua, lakini toa kwenye bei gharama ya mwaka mmoja wa matuta. Wakati matuta yanafanya kazi upande mmoja, jenga upande ulio safi uanze kukusanya kodi.

Depo ileile Nakuru: nunua pia, ila sampuli za maji ziwe nyingi zaidi na mjiolojia atazame nyufa kabla ya msanifu.

Shamba: lichukue kama wapangaji wako ni wa chakula, au kama mna uvumilivu wa miaka ya kuvuta huduma. Pima kando ya josho.

Uwanja wa nguzo: kwa chama cha watu ishirini waliochanga mshahara, hapana. Kwa kaunti au kampuni inayoweza kulipa majaribio ya kufunga, kufunika, na ukaguzi wa visima kwa miaka mingi, yafaa kufikiriwa, kwa sababu uwanja huo ukiachwa hivyo hivyo utaendelea kuvuja kila masika. Hapo ningetaka kaunti iingie kama mshirika, ibaki na ardhi, na mwekezaji apewe muda mrefu wa kukodi.

Kwa vyovyote vile, omba ruhusa ya kutoboa na kuchukua sampuli kabla ya kutoa hata shilingi ya kushikia. Muuzaji akikubali, lipia maabara iliyoidhinishwa na uchague mwenyewe mahali pa kutoboa. Akisema kuna mnunuzi mwingine anakuja Ijumaa na hana muda wa mambo ya udongo, mwache amuuzie huyo wa Ijumaa.